Shahada tatu za kufundisha watoto wenye matatizo ya hisia Marekani: ipi inakufaa?

Ukianza kazi ya msaidizi wa mwalimu katika shule ya umma ya Marekani, iwe Minneapolis, Columbus au Dallas, haupiti muda mrefu kabla hujapelekwa kwenye darasa ambalo wenzako hulikwepa. Humo yumo mtoto anayerusha kiti akiambiwa afungue daftari, yumo anayejifungia chooni kila siku ya mtihani, na yumo asiyetoa neno tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Wasaidizi wengine huomba kuhamishwa kabla muhula haujaisha. Wengine huona hapo ndipo pao, na wakishaona hivyo huanza kuulizia shahada.

Vyuo navyo vina shahada nyingi zenye majina yanayokaribiana. Nimechagua tatu ambazo ndizo hasa zinazomfikisha mtu kwa watoto hawa: shahada ya kwanza ya elimu maalumu, uzamili uliolenga matatizo ya hisia na tabia, na uzamili wa uchambuzi wa tabia. Saikolojia ya shule na ustawi wa jamii nitazigusa kwa ufupi tu, kwa sababu hizo ni kazi za jirani, si ualimu.

Sheria inamhesabu nani

Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa watoto wote wenye ulemavu elimu ya umma bila malipo. Mwaka 1990 sheria hiyo ikapewa jina linalotumika hadi leo, IDEA. Inataja aina 13 za ulemavu, na matatizo ya hisia ni mojawapo. Majimbo huyaita kwa majina tofauti. Ukiwa Minnesota utasikia EBD kila siku, yaani matatizo ya hisia au tabia.

Maelezo yaliyomo kwenye sheria yanatokana na kazi ya mtafiti Eli Bower wa California. Yanataja dalili tano, na moja inatosha: mtoto anashindwa kujifunza bila sababu ya akili, macho, masikio au afya, anashindwa kujenga au kudumisha uhusiano na wenzake na walimu, tabia au hisia zake haziendani na hali iliyopo, ana huzuni isiyomtoka, au shida za shule na za maisha yake zinamletea maumivu ya mwili na hofu. Dalili hiyo lazima idumu muda mrefu, iwe nzito, na iathiri masomo. Skizofrenia imetajwa waziwazi kuwa imo. Mtoto ambaye shida yake ni mwenendo mbaya tu katika jamii hayumo, isipokuwa awe na tatizo la hisia pia. Sentensi hiyo ya mwisho imezua ubishi kwa miongo mingi, na hata wataalamu hawajakubaliana ukorofi unaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi.

Angalia dalili hizo tena. Mbili za mwisho, huzuni na hofu, hazirushi kiti. Ni za yule mtoto wa kimya. Nitapima kila shahada kwa watoto wote wawili, anayelipuka na anayejikunyata, kwa sababu tangazo la chuo linaweza kutaja wote ilhali masomo yenyewe yanamhusu mmoja tu.

Vigezo

Cha kwanza ni leseni, nacho kinazidi vyote vingine. Marekani haina leseni moja ya ualimu ya taifa zima. Kila jimbo lina yake. Illinois hutoa leseni moja pana ya elimu maalumu, iitwayo LBS1, inayokuruhusu kufundisha watoto wa aina nyingi wakiwemo hawa. California hugawa leseni kwa kiasi cha msaada anaohitaji mtoto. Michigan kwa muda mrefu imekuwa na kibali mahususi cha watoto wenye matatizo ya kihisia. Minnesota ina leseni ya EBD yenyewe, na pembeni yake kuna leseni pana, ABS, ya watoto wa mahitaji madogo hadi ya wastani. Kwa hiyo shahada ileile inaweza kukufungulia darasa Chicago na isikufae hivyo Saint Paul. Jua kwanza unataka kufundisha jimbo gani.

Vigezo vingine ni vinne: muda na pesa, yanayofundishwa, mazoezi ya kufundisha, yaani utafanyia wapi na chini ya nani, na thamani ya karatasi hiyo ukirudi nyumbani Afrika Mashariki.

Njia ya kwanza: shahada ya kwanza ya elimu maalumu

*Leseni.* Programu ikiwa imeidhinishwa na jimbo, unahitimu ukiwa umetimiza masharti ya leseni pamoja na mitihani yake. Lakini zipo shahada zenye maneno "elimu maalumu" kwenye jina ambazo hazina leseni ndani yake. Zimetengenezwa kwa watu wa mashirika na vituo. Hakuna ubaya, mradi uwe umejua kabla hujalipa.

*Muda na pesa.* Ni kredi 120 hivi, miaka minne ukisoma kutwa. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunaanzia chuo cha jamii miaka miwili kwa ada nafuu kisha tunahamia chuo kikuu. Ukifuata njia hiyo, hakikisha kwa maandishi ni kredi zipi zitapokelewa, maana kozi za ualimu ni rahisi kukataliwa. Kuna ruzuku ya serikali kuu iitwayo TEACH, hadi dola 4,000 kwa mwaka, ingawa makato ya bajeti huipunguza kidogo. Huombwa kupitia FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa ada, na mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye green card wote wanaweza kuipata. Mwenye visa ya mwanafunzi hawezi. Sharti lake ni kufundisha miaka minne, ndani ya miaka minane baada ya masomo, katika fani yenye uhaba na shule ya watu wa kipato cha chini. Elimu maalumu ni fani ya namna hiyo. Usipotimiza, ruzuku yote inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku ulipopewa. Mimi naiona pesa nzuri kwa aliyeamua, na mtego kwa anayejaribu tu.

*Yanayofundishwa.* Mapana: usonji, ulemavu wa akili, matatizo ya kusoma na hesabu, sheria, na namna ya kuandika mpango binafsi wa mtoto, ule wanaouita IEP. Kuhusu hisia na tabia mara nyingi utapata kozi moja au mbili. Huo ni upungufu wa kweli. Ila kuna faida inayodharauliwa: shahada hii inakufundisha kufundisha. Wapo watoto wanaorusha viti kwa sababu wako darasa la sita na hawajui kusoma, na kiti kikiruka kitabu kinafungwa. Mwalimu anayejua kumfundisha mtoto huyo kusoma amemwondolea nusu ya sababu ya kulipuka. Mtoto wa kimya, kwa bahati mbaya, hupata nafasi ndogo katika masomo haya.

*Mazoezi.* Kwa kawaida ni muhula mzima shuleni mwishoni, pamoja na saa za kuangalia madarasa tangu mwaka wa pili au wa tatu. Chuo kikiachiwa kichague, kinaweza kukupeleka kwenye chumba tulivu cha watoto wachache wanaosaidiwa kusoma. Omba darasa la hisia na tabia mapema, na kwa barua.

*Nyumbani.* Hapa ndipo shahada hii inapong'ara. Kenya na Tanzania zinalifahamu jina "elimu maalumu": Kenya ina taasisi ya elimu maalumu, KISE, tangu 1986, Tanzania ina Chuo cha Patandi kule Arusha, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inawataja wanafunzi wenye changamoto za kihisia miongoni mwa wenye mahitaji maalumu. Cheti chako kitapita CUE Kenya au TCU Tanzania, tume zinazosimamia vyuo vikuu, ili kitambuliwe, na shahada pana ya ualimu ni rahisi kulinganishwa na za huko.

*Inamfaa* asiye na shahada yoyote, anayetaka kuwa mwalimu mwenye darasa lake, na ambaye hajafunga mlango wa kurudi nyumbani au kuhama jimbo.

Njia ya pili: uzamili uliolenga hisia na tabia

*Leseni.* Hii ni kwa mwenye shahada ya kwanza tayari, hata kama ni ya biashara kutoka Dar es Salaam au ya sayansi kutoka Eldoret, ilimradi ipimwe na shirika la kutathmini vyeti vya nje linalokubaliwa na chuo na jimbo. Katika vyuo vingi leseni na uzamili ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja: unapata leseni kozi zake zikiisha, kisha unaongeza kozi chache za utafiti upate uzamili. Minnesota ina mfumo wa leseni wa ngazi nne ulioanza 2018, na shule zikikosa mwalimu zinaweza kumwajiri mwenye shahada anayeendelea na masomo ya ualimu kwa leseni ya ngazi ya chini. Maana yake unaweza kulipwa mshahara wa mwalimu huku unasoma jioni. Raha na balaa kwa pamoja: siku ya kwanza darasani wewe ndiye mwalimu, na kozi ya kumtuliza mtoto aliyelipuka iko muhula ujao.

*Muda na pesa.* Kredi 30 na kidogo, miaka miwili au zaidi ukisoma jioni. Ruzuku ya TEACH ipo pia kwa uzamili, lakini jumla yake haizidi dola 8,000. Aliyekopa serikalini na akafundisha elimu maalumu miaka mitano mfululizo katika shule ya kipato cha chini anaweza kufutiwa hadi dola 17,500. Kabla hujasaini chochote, waulize wilaya ya shule unakofanya kazi. Nyingine hulipia wasaidizi wao sehemu ya ada kwa makubaliano ya kubaki nao miaka kadhaa.

*Yanayofundishwa.* Hapa ndipo kina kilipo. Utajifunza kuchunguza tabia inamletea mtoto faida gani, kuandika mpango wa kuibadilisha, kumtuliza mtoto bila kumgusa, kutambua huzuni na hofu, na kufanya kazi na wazazi waliochoka kuitwa shuleni. Utasoma historia pia, nayo si mapambo. Mwaka 1961 Nicholas Hobbs wa Chuo cha Peabody, Nashville, alianzisha mradi wa Re-ED katika vituo viwili, Cumberland House huko Nashville na Wright School huko Durham, North Carolina. Wazo lake lilikuwa kwamba mtoto huyu hahitaji kulazwa akisubiri daktari. Anahitaji mwalimu aliyeandaliwa vizuri, anayekaa naye kutwa nzima, na kila siku iwe na jambo la kumfurahisha. Programu bora za leo bado zina damu hiyo.

Utasoma sheria kwa undani zaidi, na utaihitaji. Mwaka 1988, katika kesi ya Honig dhidi ya Doe, iliyohusu wanafunzi wawili wa San Francisco wenye matatizo ya hisia, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba shule haiwezi kumfukuza mtoto wa namna hii kwa uamuzi wake yenyewe kwa sababu tu ni hatari. Leo shule ikitaka kumtoa zaidi ya siku 10 kwa kosa la nidhamu, lazima kikao kiketi kiamue kama kosa limetokana na ulemavu wake. Mwalimu wa darasa hilo ndiye anayeulizwa kwanza, na kumbukumbu zake ndizo zinazosomwa.

*Mazoezi.* Yatakuwa katika darasa la EBD hasa, au shule ya peke yake ya watoto hawa. Kwa mwenye ajira tayari, mazoezi mara nyingi hufanyika darasani mwake mwenyewe, na hapo swali ni moja: msimamizi atakuja kukutazama mara ngapi? Nikisikia jibu ni kwa video tu, mimi ningetafuta chuo kingine.

*Nyumbani.* Leseni ya EBD haina mwenzake huko. Uzamili wenyewe utatambuliwa, na maarifa yatafaa katika shule za marekebisho, ushauri nasaha na vyuo vya ualimu, lakini utajieleza sana.

*Inamfaa* mwenye shahada ya kwanza, aliyekwishaonja darasa hili na akalipenda, na anayetarajia kubaki katika jimbo linalotambua leseni hiyo mahususi.

Njia ya tatu: uzamili wa uchambuzi wa tabia

*Leseni.* Hapa watu wengi hukwama: hii si leseni ya ualimu. Inakuelekeza kwenye cheti cha BCBA kinachotolewa na bodi ya wachambuzi wa tabia, na majimbo mengi yana leseni yao ya kazi hiyo. Darasa huwezi kupewa kwa cheti hicho peke yake. Vipo vyuo vinavyounganisha kozi za BCBA na leseni ya elimu maalumu, na mwenye vyote viwili hatafuti kazi, anatafutwa.

*Muda na pesa.* Miaka miwili hivi ya uzamili, halafu saa 2,000 za kazi chini ya msimamizi, au 1,500 kwa mpango wa usimamizi wa karibu zaidi, na mtihani. Wengine huanza chini kabisa na cheti cha RBT, cha wasaidizi wa wachambuzi hao: miaka 18, elimu ya sekondari, mafunzo ya saa 40 na mtihani. Ni mlango rahisi wa kuijaribu fani kabla ya kulipa ada kubwa.

*Yanayofundishwa.* Kupima. Tabia inahesabiwa, inachorwa, inatafutiwa chanzo na matokeo, kisha inabadilishwa hatua kwa hatua. Kwa mtoto anayelipuka, sijaona nidhamu ya kazi inayoishinda hii. Kwa mtoto wa kimya mambo ni magumu zaidi. Wachambuzi watakuambia kujifungia chooni nako ni tabia inayopimika, na ni kweli, ila huzuni yenyewe hawajafunzwa kuitibu.

*Mazoezi.* Saa nyingi hupatikana katika vituo vya watoto wenye usonji, kwa sababu bima za afya hulipia huduma hiyo huko. Ukitaka watoto wa hisia, tafuta msimamizi anayefanya kazi ndani ya shule, na umpate kabla ya kujiandikisha.

*Nyumbani.* Tangu Januari 2023 bodi hiyo haipokei tena waombaji wapya isipokuwa wanaoishi katika nchi chache, Marekani ikiwemo. Afrika Mashariki haimo. Ujuzi utarudi nao, cheti kitakuwa na nguvu ndogo.

*Inamfaa* anayependa takwimu, anayetaka kuwa mshauri wa walimu wengi kuliko kuwa na darasa moja, au mwalimu mwenye leseni tayari anayetaka kuongeza makali.

Majirani wa fani hii

Mwanasaikolojia wa shule ndiye anayefanya vipimo vya kuamua kama mtoto anaingia katika kundi hili. Atasoma kredi 60 au zaidi baada ya shahada ya kwanza na mafunzo kazini ya saa 1,200. Mtu wa ustawi wa jamii huunganisha shule, nyumba na mahakama. Kama kinachokuvuta ni mazungumzo ya wawili chumbani kuliko kufundisha hesabu watoto wanane wenye hasira, tazama huko kwanza.

Jambo linalotuhusu sisi hasa

Wanafunzi weusi wamekuwa wakiwekwa katika kundi hili la ulemavu kupita uwiano wao kwa miaka mingi, na jambo hilo limeandikwa sana. Ongeza mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, aliyeona asiyopaswa kuona, Kiingereza chake bado kichanga, na mama yake anaelewa nusu ya barua za shule. IDEA inataka mtoto apimwe kwa lugha yake na bila upendeleo wa utamaduni. Mwalimu anayejua Kiswahili katika kikao cha kujadili vipimo hivyo anaweza kuona kwamba kimya cha mtoto mbele ya mwalimu ni adabu aliyofunzwa nyumbani. Au kinyume chake, anaweza kumweleza mama kwa upole kwamba huu si ukaidi wa kuombewa tu, kuna msaada. Kwa hiyo tazama kama programu ina kozi ya kweli kuhusu wanafunzi wa lugha mbili na waliopitia vita. Na ukishaajiriwa, usikubali kugeuzwa mkalimani wa bure wa shule nzima. Hiyo ni kazi nyingine yenye malipo yake.

Kwa hali yako

Una cheti cha sekondari na unafanya kazi ya usaidizi: anza chuo cha jamii ukielekea shahada ya kwanza, na uliza kama wilaya yako ina mpango wa kuwapandisha wasaidizi kuwa walimu. Usiache kazi, uzoefu huo utakufaa darasani na kwenye maombi ya chuo.

Una shahada kutoka nyumbani na familia inakutegemea: uzamili wa jioni wenye leseni ndani yake, katika jimbo linaloruhusu kuajiriwa huku unasoma. Tathmini ya vyeti ianze leo, kwa sababu barua za vyuo vyetu huchelewa kufika.

Ni mwalimu mwenye leseni ya masomo ya kawaida: huenda huhitaji shahada nyingine kabisa. Majimbo mengi hukuruhusu kuongeza leseni ya elimu maalumu kwa kozi chache. Ukitaka uzamili kwa ajili ya mshahara, basi chagua kati ya njia ya pili na ya tatu kwa kuangalia unataka kubaki na darasa au kuzunguka shule kama mshauri.

Uko kwa visa ya mwanafunzi: ruzuku na mikopo ya serikali kuu haikuhusu, na baada ya kuhitimu kibali cha kufanya kazi kwa kawaida ni miezi 12. Gharama ni kubwa na uhakika ni mdogo. Njia ya kwanza au ya pili, katika chuo chenye ufadhili wake chenyewe, ina maana kama unakusudia kurudi na shahada hiyo.

Uko Mombasa au Mwanza, una shahada ya ualimu na umefundisha angalau miaka miwili: kabla ya kulipia shahada ya Kimarekani kwa intaneti, chunguza mpango wa walimu wa visa ya J-1, unaoruhusu kufundisha huko miaka mitatu na kuongezewa hadi miwili. Shule zenye uhaba wa walimu wa elimu maalumu huajiri kupitia njia hiyo, na utakuwa umeliona darasa lenyewe kabla ya kuamua kulisomea.